Mtu wa Kumwambia: Wapelelezi wa Redio ya Marekani, 1946 hadi 1962

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Jioni hii tunazungumzia michezo ya redio ya Marekani ya miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, na hasa ile ya mpelelezi wa kujitegemea. Mnamfahamu mtu huyu. Ana ofisi finyu na kodi imelala. Polisi hawampendi, na mteja aliyemlipa ndiye anayemdanganya kuliko wote. Alizaliwa kwenye majarida ya bei rahisi, hasa Black Mask lililoanza 1920, alikoandika Dashiell Hammett, ambaye aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, na baadaye Raymond Chandler. Sitarefusha habari za majarida. Ninalotaka kuwashawishi ni kwamba redio haikuishia kuzisoma hadithi hizo kwa sauti. Ilimpa mpelelezi kitu alichokosa kitabuni, yaani mtu wa kumwambia.

Tumtazame Sam Spade. Katika riwaya ya Hammett ya 1930, The Maltese Falcon, msimulizi anabaki nje ya Spade tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tunamwona akisokota sigara, tunaonyeshwa uso wake, lakini anachowaza hatuambiwi. Anamkabidhi kwa polisi mwanamke ambaye huenda anampenda, na msomaji anafunga kitabu bila kuwa na hakika. Nguvu ya riwaya iko hapo, kwenye ukimya wake. Lakini redioni asiyesema hayupo. Utampelekaje bubu wa namna hiyo mbele ya maikrofoni?

William Spier, mtayarishaji na mwongozaji wa The Adventures of Sam Spade, kipindi kilichoanza kwenye mtandao wa redio wa ABC Julai 1946 na kuhamia mtandao wa CBS miezi michache baadaye, alilitatua jambo hilo vizuri mno. Simu inalia. Effie Perrine, karani wa Spade, anaipokea. Ni Sam, anakuja, kesi imekwisha. Akifika anaanza kumtamkia ripoti naye anaandika: tarehe, jina la mteja, kutoka kwa Samuel Spade, leseni namba 137596. Kutoka kwenye ripoti tunazama katika mchezo wenyewe, milango inafunguliwa, watu wanauawa, na kila mara sauti ya Spade inarudi kutuongoza. Mwishoni tuko tena ofisini, ripoti imefungwa, wanaagana.

Howard Duff alimwigiza Spade, na Lurene Tuttle akawa Effie. Nawaombeni msikilize zaidi upande wa Tuttle. Spade akieleza alivyopigwa, Effie anavuta pumzi. Akitaja mwanamke mrembo, Effie ananyamaza nusu sekunde zaidi ya kawaida, na wivu wote umo kwenye nusu sekunde hiyo. Kwa hiyo ule ujeuri wa Spade unabadilika. Kitabuni hauelezwi kwa yeyote. Redioni ni maneno ya mtu anayemficha maumivu mwanamke ambaye hadanganyiki. Kwangu mimi hii ni sanaa nyingine kabisa, na si kweli kwamba ni riwaya iliyopunguzwa makali.

Niseme kidogo kuhusu kazi ya studio, kwa sababu wengi wetu tunazisikia rekodi hizi leo tukidhani zilihaririwa kwa utulivu. Mwaka 1946 vipindi vya mitandao mikubwa vilirushwa moja kwa moja, mbele ya maikrofoni, waigizaji wameshika karatasi. Kati ya New York na California kuna tofauti ya saa tatu, hivyo vipindi vingi vililazimika kuigizwa mara mbili jioni ileile, mara kwa mashariki, mara kwa magharibi. Utepe wa sumaku wa kurekodia sauti ulianza kushika nafasi baada ya mwimbaji Bing Crosby kuutumia kwa kipindi chake mwaka 1947. Fundi wa vishindo alisimama karibu na waigizaji akiwa na sanduku la kokoto, viatu vya aina mbalimbali, mlango mdogo wenye kitasa cha kweli, na bastola ya risasi baridi. Nyayo zilipaswa kuanza baada ya sentensi kwisha, si kabla. Akiwahi, mwuaji ameshajulikana.

Spade hakuwa peke yake. Philip Marlowe wa Chandler aliingia mtandao wa NBC kiangazi cha 1947 kwa sauti ya Van Heflin, kisha CBS kuanzia 1948 kwa sauti ya Gerald Mohr, ambayo nadhani ndiyo sauti nzito na yenye hasira kuliko zote za kundi hili. Jack Webb alimwigiza mpelelezi Pat Novak kwenye gati za San Francisco kabla hajawa afisa wa polisi katika kipindi cha Dragnet mwaka 1949. Dick Powell, kama Richard Diamond, alimaliza kesi zake kwa kumwimbia mchumba wake wimbo. Mimi nyimbo zile nazivumilia tu.

Lipo pia tatizo ambalo sitalifunika. Katika michezo mingi ya aina hii mwanamke ana kazi mbili, kuuawa au kusaliti. Ndiyo maana Candy Matson ni muhimu. Alisikika NBC ya pwani ya magharibi kati ya 1949 na 1951, akiigizwa na Natalie Masters na kuandikwa na mumewe, Monte Masters. Candy ni mpelelezi wa San Francisco mwenye akili, anayejitafutia riziki mwenyewe, na inspekta aliye rafiki yake humfuata nyuma hatua moja kila mara. Inauma kwamba katika kipindi cha mwisho inspekta huyo anamposa, naye anaacha kazi. Waandishi hawakuona njia nyingine ya kumaliza.

Sasa turudi kwa Spade, maana kilichompata hakikutokana na uchovu wa wasikilizaji. Juni 1950 kilitoka kijitabu kilichoitwa Red Channels, kikiorodhesha watu 151 wa redio na televisheni waliodaiwa kuelemea ukomunisti. Hammett alitajwa, na Duff naye akatajwa. Mdhamini wa kipindi alikuwa Wildroot, watengenezaji wa mafuta ya nywele. Akajitoa. Kipindi kikazimwa, wasikilizaji wakaandika barua kwa maelfu, NBC ikakirudisha Novemba mwaka uleule, lakini bila Duff. Nafasi ikachukuliwa na Steve Dunne, kijana mwenye sauti changa. Tuttle alibaki, anaandika ripoti ileile kwa mtu mwingine. Aprili 1951 ikawa mwisho. Miezi michache baadaye Hammett alifungwa jela kwa kukataa kuieleza mahakama habari za mfuko wa dhamana uliowadhamini wakomunisti walioshtakiwa. Nawaombeni mliweke jambo hilo pamoja na Spade wa 1930: mwandishi aliyemwumba mtu asiyesema alipelekwa jela kwa kunyamaza.

Umbo la ripoti lakini halikufa naye. Yours Truly, Johnny Dollar ilianza CBS 1949, ikiwa ya mpelelezi wa kampuni za bima. Yeye hamwambii karani, anaiandikia kampuni hesabu ya matumizi: teksi kiasi hiki, chakula kiasi hiki, tiketi ya ndege. Kila senti ni hatua ya hadithi, na pale ambapo maneno yangekuwa mengi mno, bei ya kitu inatosha. Waigizaji kadhaa walipita katika nafasi hiyo, ila aliyeimiliki ni Bob Bailey. Kuanzia Oktoba 1955, kwa mwaka mmoja hivi, kesi moja iligawanywa siku tano za wiki, robo saa kila siku. Hapo ndipo mpelelezi wa redio alipopata nafasi ya kusitasita, kukosea mtu, kumhurumia mhalifu. Bailey aliipenda kazi hiyo kiasi cha kuandika mchezo mmoja mwenyewe, kwa jina la Robert Bainter. Mwaka 1960 kipindi kilihamishiwa New York, naye hakuhama nacho.

Wakati huo televisheni ilikuwa imeshawachukua wadhamini na wasikilizaji. Tarehe 30 Septemba 1962 CBS ilirusha kesi ya mwisho ya Johnny Dollar, na jioni hiyohiyo ikafunga Suspense, kipindi chake kingine cha michezo ya redio, na wanahistoria wengi wa redio huihesabu siku hiyo kuwa mwisho wa enzi.

Rekodi za Spade zilizosalia ni sehemu ndogo tu ya vipindi vilivyorushwa. Nyingi za enzi hiyo tunazo kwa sababu redio ya majeshi ya Marekani ilizitia kwenye sahani za santuri na kuzisambaza kwa askari walioko ng'ambo, matangazo ya biashara yakiwa yameondolewa. Kwa anayetaka kuanza, ningemshauri aanze na moja ya kesi za siku tano za Bailey za mwaka 1956, kisha arudi nyuma kwa Duff na Tuttle. Akifika kwao, asiharakie kumjua mwuaji. Asikilize Effie anafanya nini Sam anapodai kwamba hakuumia.