Mwaka wa Ali, Mwaka wa Mazembe: Nani Anajua Kable Zetu Zilizikwa Wapi?

Mhadhara kwa mafundi vijana wa umeme na maji, Kamalondo, Lubumbashi

Jambo yenu, baba na mama. Jambo yenu, wazee wa kazi. Na ninyi wadogo zangu mliotoka moja kwa moja mtaroni, viatu vimejaa udongo mwekundu, karibuni mkae. Udongo huo ndio umetukusanya hapa.

Wanaonijua wanajua nitasema nini: tuandike kila tunachokizika ardhini. Nimelisema ofisini, nimelisema matangani, hata siku ya harusi ya binti yangu nilimshika fundi mmoja mkono nikamweleza hilo hilo. Leo nalirudia kwa sababu majuma matatu yaliyopita kijana wetu mwingine alipiga sururu juu ya kable ya umeme isiyokuwamo katika mchoro wowote. Yuko hai. Mkono wake wa kulia ungali na bandeji. Basi mtanivumilia.

Hebu nyoosheni mikono. Nani anajua kilichotokea Kinshasa Oktoba 1974? Wote. Hata wewe mdogo wangu pale nyuma, ambaye nadhani baba yako mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa. Ngumi ya Ali na Foreman, tarehe 30, alfajiri, raundi ya nane. Vizuri. Sasa nani anajua ni kable gani ilizikwa mwaka huo huo chini ya barabara mliyoipita kuja hapa?

Hakuna mkono.

Mimi nilifundishwa jambo hili Desemba 2010, na aliyenifundisha hakuwa mwalimu. Kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa inachimba mtaro wa bomba la maji katika mtaa mmoja wa mji huu. Jumanne tarehe 14 Mazembe, timu yetu ya mpira, ilikuwa imeipiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya klabu za dunia. Mji haukulala. Jumatano vijana walikuja kazini sauti zimekauka, kila mmoja anamwiga kipa Kidiaba anavyorukaruka kwa makalio. Saa nne hivi sururu moja ikashuka, tukasikia mshindo, moshi ukatoka ardhini, na mtaa mzima ukazimika.

Mpini ulikuwa wa mti mkavu. Ndio uliomwokoa yule kijana.

Kable yenyewe ilikuwa ya zamani, ya msongo wa kati: shaba iliyoviringishiwa karatasi zilizoloweshwa mafuta, juu ya karatasi ganda la risasi, ile metali laini na nzito, juu ya risasi utepe wa chuma. Ninyi mmezoea kable za plastiki, hamjui chuki ya karatasi kwa maji. Tobo dogo kama la sindano katika ile risasi linatosha: unyevu unaingia taratibu, na baada ya miezi, mvua zikikolea, kable inapasuka bila kuguswa na mtu. Basi Alhamisi tukakata kipande kilichoumia, tukaunga kipya. Tukawasha swichi ya kabine, kile kibanda cha kugawia umeme, ikajikata. Ijumaa tukarudia, ikajikata. Maana yake kulikuwa na kosa la pili, kable imeharibika mahali pengine. Mashine ya kutafutia kosa hatukuwa nayo. Kutoka kabine hadi kabine ni kama mita 600. Na Jumamosi jioni Mazembe inacheza fainali na Inter ya Italia.

Tangu Jumatano mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, anatutazama tu. Jumamosi asubuhi akainuka, akaja na fimbo yake, akasema, «Wanangu, mnatafuta nini mbali hivyo? Hiyo kable niliizika mimi.»

Tukamuuliza, «Baba, mwaka gani?»

Hakutaja namba. Alisema, «Mwaka wa Ali. Mtaro tuliufungua ngumi ilipokuwa bado ya Septemba. Halafu Foreman akapasuka juu ya jicho, ngumi ikasogezwa, na sisi bobini ya kable ikatuishia. Bobini ya pili ilichelewa. Mtaro ukakaa wazi mpaka mvua za kwanza zikatukuta. Tuliunga pale penye kisiki cha mwembe, tukafukia siku Ali alipomwangusha yule mwingine. Kapita, msimamizi wetu, alituacha kwanza tusikilize redio.»

Sikilizeni vizuri alichotupa yule mzee, maana mtu mwenye haraka angesikia ngumi peke yake. Bobini zilikuwa mbili: basi kuna maungio katikati. Maungio yalifungwa ndani ya mtaro ulionyeshewa: basi yaweza kuwa yamefungiwa na unyevu wake. Na yako penye kisiki cha mwembe. Kisha linganisheni na dunia. Ngumi ilipangwa tarehe 25 Septemba, ikapigwa tarehe 30 Oktoba, kwa sababu ya lile jicho. Mtaro wake ulikaa wazi zaidi ya majuma matano. Hakuna karatasi iliyoandika hayo. Yaliandikwa na Foreman kwa damu ya uso wake, na mzee akayatunza miaka 36.

Tulichimba penye kisiki. Tukakuta safu ya matofali, kama wazee walivyopanga juu ya kable ili sururu igonge tofali kwanza. Chini ya matofali, sanduku la chuma lililojazwa lami. Lami imepasuka, maji ndani. Ule mshtuko wa Jumatano ulikuwa umekimbia katika kable yote na kuvunja pale palipokuwa padhaifu tangu 1974. Tulifanya kazi mpaka giza likaingia, taa za kofia kichwani, redio ya mtu juu ya ukingo wa mtaro. Tulipowasha swichi, Inter ilikuwa imekwisha funga mabao mawili. Mtaa ukapiga kelele taa zilipowaka kana kwamba Mazembe imesawazisha. Mwisho ilikuwa 3-0, mnajua.

Sasa jambo linalonichoma. Yule mzee tulimshukuru, tukamnunulia soda na mkate. Mtu mwenye kumbukumbu ya nusu ya mtaa alisimama mbele yetu asubuhi nzima, nasi tulikuwa mafundi sita, na hakuna hata mmoja aliyetoa kalamu. Tulimuuliza maungio mamoja. Miaka miwili baadaye nilikwenda kwenye matanga yake, na huko ndiko wanawe waliponiambia kwamba alichimba mitaro miaka 22. Miaka 22! Yote imeingia kaburini, na sisi tunaendelea kuitafuta kwa sururu.

Ndiyo maana ninadai kila kampuni ya kuzika kable na mabomba katika mji huu, kubwa kwa ndogo, iandike mwaka wake. Nasema daftari la mtaro. Hesabu ya fedha mnaiandika tayari, tena vizuri sana, kwa sababu kuna mtu anaidai. Daftari ninalolitaka lina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto kazi: barabara gani, upande gani, mita ngapi kutoka ukuta upi, kina gani, maungio yako wapi, nani alikuwa kapita, mvua ilinyesha au la. Kulia dunia: nini kilikuwa redioni juma hilo, nani alicheza na nani, wimbo gani ulikuwa ukipigwa katika kila baa ya mitaa yetu ya Kenya na Katuba.

Mtu ataniambia, «Mzee, siku hizi simu inakupa mahali penyewe.» Simu inakupa mahali uliposimama wewe leo. Iulize kilichozikwa 1956, itanyamaza. Na hiyo picha uliyoipiga mtaroni, simu ikiibiwa au kioo kikipasuka, iko wapi? Ninyi wenyewe mmebadilisha simu mara ngapi tangu 2020?

Mwingine atasema mpira na ngumi ni upuuzi katika daftari la kazi. Huyo sijui niseme naye vipi. Mchimba mtaro hakumbuki tarehe kumi na saba ya mwezi wa tisa. Anakumbuka alikuwa na nini masikioni alipokuwa akichimba. Ukitaka akufungulie, mgongee kwa mlango anaoutumia. Tukimuuliza mzee «tarehe gani?», anaona aibu, ananyamaza. Tukimuuliza «Mazembe ilikuwa inacheza na nani?», anatupeleka mpaka penye kisiki.

Tena ukurasa wa kulia si pambo, unaeleza ukurasa wa kushoto. Turudi 1974 hiyo hiyo. Mwanzo wa mwaka bei ya shaba iko juu sana, Leopards, timu ya taifa, wamechukua kombe la Afrika kule Misri, nchi inajiona imefika, inaanza kuvuta laini ya umeme ya kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700. Kufika mwisho wa mwaka shaba imeanguka zaidi ya nusu. Agosti 1975 reli ya Benguela, njia yetu ya baharini kupitia Angola, inafungwa kwa vita vya huko, mizigo inalazimika kuzunguka njia za mbali. Sasa kable ya mwaka huo ukiikuta imeungwaungwa kwa vipande vifupi, usimtukane fundi. Soma kulia kwanza. Vita vya Shaba, jina la Katanga wakati huo, 1977 na 1978 vikaja juu ya hayo, na laini ya Inga ikakamilika 1982. Inapita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja, kwa sababu umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, hauchomolewi njiani kwa transfo ya kawaida. Hilo nalo linahitaji siku yake.

Niende mbio, naona saa. 1956: bwawa la Nseke, lililoitwa Le Marinel, linaanza, na mwaka huo huo laini yake inavuka mpaka kupeleka umeme Kitwe, katika Zambia ya leo. Katanga ilikuwa inawauzia majirani wa kusini! 1967: Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya Katanga, inakuwa mali ya taifa, na Englebert, Mazembe ya leo, inatwaa kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Wazee waliochimba mwaka huo wana miaka 75 na zaidi. Wako wangapi? 2020: barabara tupu kwa korona, waliopewa ruhusa ya kutoka walichimba kwa raha kuliko wakati wowote, na nina hakika michoro ya mwaka huo ndiyo mibaya kuliko yote, kwa sababu hapakuwa na mkaguzi. 2021, Mei: tani ya shaba inapita dola 10,000, na kable zetu zinaanza kufukuliwa usiku na watu wenye misumeno. Wezi wanajua zilipo kuliko sisi. Hili lingenichukua saa nzima, naliacha.

Kuhusu mabomba ya maji nilikuwa na mengi, nitasema moja: utepe wa onyo. Mwekundu umeme, wa bluu maji, wa kijani simu. Utepe wa bluu ukiisha kwenye stoo, msitandike mwekundu juu ya bomba la maji mkisema «bora kuna kitu». Atakayekuja baada yenu atauamini.

Sasa kabla hamjatoka. Nimeweka daftari pale mezani, jipya, na kalamu mbili. Mwenye baba, babu au mjomba aliyewahi kuchimba mtaro katika mji huu, aandike jina la mtaa anakokaa na saa ambayo mzee huwa ameamka na nguvu. Nitakwenda mimi mwenyewe, kuanzia Jumatatu. Nitaanza na wale wa mwaka wa Englebert, ndio wanaokwisha haraka.