Breki ya DMX512 kwa UART ya kawaida

Ndugu zangu, karibuni. Leo tutashika itifaki moja tu, DMX512, inayoendesha taa za jukwaani tangu mwaka 1986. Ukiitazama juu juu ni siriali tuliyoizoea, yaani data inayopita biti moja moja: biti 250,000 kwa sekunde, biti 8 za data, hakuna pariti (biti ya kukagua makosa), biti 2 za kukomea. Kwenye chipu ya kidhibiti ATmega328P yenye saa ya megahezi 16, kasi hupangwa na rejista ya UBRR0 ya UART, ile sehemu ya chipu inayotuma na kupokea siriali. Unaandika 3 humo na kasi inatoka kamili, jambo ambalo hulipati kwa 115,200 ya kila siku.

Ugumu uko mwanzoni mwa kila kundi la baiti. Kabla ya baiti yoyote, mtumaji hushusha waya na kuushikilia chini kwa mikrosekunde 92 au zaidi. Hiyo ndiyo breki. Kisha huupandisha kwa mikrosekunde 12 au zaidi. UART ya chipu hii haina amri ya kufanya hivyo, na baiti ya sifuri kwa kasi hii hukaa chini mikrosekunde 36 tu.

Wengi huzima UART, wakaigeuza pini kuwa ya kawaida, wakasubiri, kisha wakaiwasha tena. Taa zinawaka, sawa, lakini prosesa inakaa ikihesabu muda badala ya kufanya kazi. Mimi napendelea kubadili kasi. Andika 11 kwenye UBRR0, kila biti inakuwa ya mikrosekunde 12. Tuma sifuri: biti ya kuanzia na zile 8 za data zinashusha waya kwa mikrosekunde 108, na biti mbili za kukomea zinaupandisha kwa 24. Breki imepatikana. Rudisha 3, endelea na data.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Usibadili kasi kwa kuangalia UDRE0, mojawapo ya alama za hali ya UART! Alama hiyo inakuambia tu kwamba kuna nafasi ya kuweka baiti nyingine. Ile ya kwanza bado inatoka biti kwa biti, na ukigusa kasi unaiharibu ikiwa njiani. Subiri alama ya TXC0, inayoinuka baada ya biti ya mwisho kutoka. Na kabla ya kutuma baiti unayotaka kuisubiri, ifute TXC0 kwa kuiandikia 1, la sivyo utasoma alama ya zamani. Ukitumia MAX485, chipu inayounganisha UART na waya wa DMX, na unataka kuuachia waya baada ya kutuma, ni TXC0 hiyohiyo inayokuambia lini ushushe pini ya DE, inayoruhusu kutuma.

Anayepokea huitambua breki kupitia kosa la fremu, yaani biti ya kukomea haikuonekana ilipotarajiwa: alama ya FE0 inainuka, na data ni sifuri. Soma UCSR0A, rejista yenye alama hizi, kwanza, na UDR0, yenye baiti iliyopokelewa, baadaye, kwa sababu ukishasoma UDR0, alama ya baiti ile imekwenda nayo. Baiti inayofuata breki ikiwa 0, ni viwango vya mwanga; anza kuhesabu chaneli, hadi 512.

Kila baiti huchukua mikrosekunde 44, yaani mizunguko 704 ya saa yetu. Kwa hiyo ndani ya interapti, ile kazi fupi inayoitwa baiti inapofika, weka baiti kwenye safu yake, ongeza kihesabio, toka. Hesabu za rangi na za kufifisha mwanga zifanyike nje, kwenye kitanzi kikuu.

Sasa tuwashe osiloskopu, tuipime hiyo breki.