Usikatishe Dawa ya Fangasi kwa Sababu ya Hedhi

Mama zangu shikamooni, dada zangu hamjambo. Fangasi za ukeni mnazijua, sina haja ya kuzieleza. Wanawake watatu kati ya wanne huzipata angalau mara moja maishani. Nilichojia ni kile ninachokisema kila kliniki na bado hakijaingia: ukiona siku zako katikati ya dozi, endelea na dawa.

Kuna binti alinifungulia pochi akatoa pakiti ya klotrimazoli, vile vidonge sita vya miligramu 100 vya kuweka ukeni. Vitatu vimetumika, vitatu vimo humohumo, na kijiti cha kupachikia amekivingirisha kwenye tishu. Alianza Jumatatu, Alhamisi akaona damu, akaacha. "Muwasho ulikuwa umeshapungua," akaniambia. Lazima ungepungua! Dawa ilishaanza kazi, na tena kwa wengi wetu fangasi huchachamaa siku zile za kabla ya hedhi, damu ikianza kutoka makali hushuka. Homoni zimeshuka, na ile asidi ya kawaida ya ukeni inapunguzwa na damu. Lakini kupata nafuu siko kupona. Damu ilipokatika binti akarudi na muwasho uleule, uchafu uleule mweupe mzito kama maziwa ya mgando, akalalamika kwamba dawa haifai. Haifai vipi, na nusu yake iko kwenye pochi?

Najua mtakaloniambia: damu si itaiosha dawa yote? Itaosha kiasi, si yote. Ndiyo maana unaiweka usiku, ukishapanda kitandani kulala. Vaa pedi. Tamponi hapana, inanyonya dawa pamoja na damu. Na kikombe cha hedhi kiweke kando mpaka dozi iishe. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa chache, maana kwenye joto na unyevunyevu ndiko fangasi zinakostawi. Mwingine atasema kujishika huko wakati wa hedhi ni kinyaa. Mwanangu, ni mwili wako. Nawa mikono kabla na baada, basi.

Kile kidonge kimoja cha klotrimazoli cha miligramu 500, cha kuweka mara moja tu, ni habari nyingine, kwa sababu kikitoka na damu huna cha pili. Kama damu ni nyingi na muwasho unavumilika, subiri ipungue. Au muulize mfamasia kuhusu flukonazoli ya kumeza, miligramu 150 mara moja tu. Hiyo inapitia tumboni, hedhi haiizuii. Ila mjamzito asiimeze, na anayetumia dawa nyingine, hasa warfarini ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla hajauziwa.

Muda unanikimbia. Shombo ya samaki ukeni kwa kawaida si fangasi; kapimwe. Metronidazoli ni dawa ya bakteria, haiui fangasi, acheni kuazimana. Kitunguu saumu, ndimu na shabu visiingie huko. Krimu ya fangasi inaweza kudhoofisha kondomu. Ukiwa na homa au maumivu ya tumbo la chini, nenda hospitali. Na wewe ambaye zinakurudia mara tatu, mara nne kwa mwaka, kapime sukari na VVU kabla ya kununua pakiti nyingine. Haya, maswali. Dada wa kanga nyekundu, sema.