Neema na Njegere za Mbuyuni

MAMA ELIA: Karibuni tena, wazazi wenzetu, tuko hapa Moshi kama kawaida. Baba Neema, wiki iliyopita uliahidi kutusimulia habari za binti yako.

BABA NEEMA: Asante, Mama Elia. Neema ana miaka miwili na nusu. Miezi minne iliyopita alikuwa anakula mtori na kunywa maziwa, basi. Mchicha ukifika anafumba mdomo na kugeuza shingo. Maharage anayatoa moja moja, anayapanga mezani. Jioni ikiingia, mimi na mama yake tunaanza kuogopa.

MAMA ELIA: Poleni. Na washauri hawakukosekana, naamini.

BABA NEEMA: Walikuwa wengi! Mmoja akasema tumlaze mapajani, tumbane pua, akifungua mdomo tumimine uji. Tulijaribu mara moja. Alipaliwa, akalia mpaka akatapika, na wiki nzima akiona tu kijiko analia. Mpaka leo linaniuma.

MAMA ELIA: Nashukuru umelisema, kwa sababu kuwakaba watoto bado kupo kwenye nyumba nyingi, na uji ukiingia njia ya hewa ni hatari kubwa. Halafu wazazi, tazameni: mwaka wa kwanza uzito wa mtoto hufika karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili na nusu hivi. Hamu ya kula lazima ishuke. Na umri wa Neema ndio hasa wanaogopa chakula wasichokizoea. Siyo jeuri.

BABA NEEMA: Kwetu kulikuwa na jambo jingine: maziwa. Tuna ng'ombe nyumbani, na bibi yake akisikia kalia kidogo tu, kikombe hicho. Siku moja nikapima. Karibu lita nzima!

MAMA ELIA: Sasa njaa itoke wapi? Kwa umri wake nusu lita kwa siku inatosha kabisa. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, mtoto akishibia hayo anaweza kupungukiwa damu. Na chai wakati wa kula, jamani, tuiache. Inazuia mwili kuyachukua hayo madini.

BABA NEEMA: Tukapunguza taratibu, maziwa yakawa baada ya chakula. Ndipo Jumamosi moja nikaenda naye soko la Mbuyuni, nikanunua njegere zikiwa kwenye maganda. Tuliporudi nikatandika mkeka, tukamenya wote. Akifungua ganda anashangaa, anazihesabu kwa hesabu zake mwenyewe, anazitia kwenye bakuli. Sikumwambia ale. Jioni mama yake akazipika na ndizi, tukaziponda kidogo. Neema akachungulia sahani, akasema, "Zangu." Akala tatu.

MAMA ELIA: Tatu! Mimi ningepiga vigelegele moyoni.

BABA NEEMA: Moyoni, ndiyo. Mezani tulinyamaza.

MAMA ELIA: Hapo mlifanya vizuri sana. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kimoja mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali, na wengi wetu tunakata tamaa ya tatu. Weka kidogo tu, kama kidole gumba, pembeni ya kile anachokipenda. Akikiacha, ondoa bila maneno. Sisi wakubwa tunaamua kinachopikwa na saa ya kula, yeye anaamua ale kiasi gani.

BABA NEEMA: Na biskuti?

MAMA ELIA: Ukisema "kula mchicha nikupe biskuti", umeshamwambia kwamba mchicha ni adhabu. Ila mzazi akiona mstari kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, au mtoto anapaliwa mara kwa mara, aende kliniki asisubiri. Haya, na mnafu je? Mchagga gani asiyekula mnafu?

BABA NEEMA: Mnafu bado, Mama Elia. Juzi aliugusa kwa ulimi, akakunja uso, akautema mkononi mwangu. Mimi nikala wangu. Kesho naweka tena majani mawili, pembeni ya ndizi.