Kindergarten: Neno Lenye Udongo

Walimu wenzangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: neno Kindergarten lina udongo ndani yake, udongo wa kushika kwa mkono.

Kwa Kijerumani, Kinder ni watoto, Garten ni bustani. Watu wakishafika hapo husema "bustani ya watoto" wakaona kazi imekwisha. Haijaisha! Kijerumani hubandika maneno mawili bila kiunganishi, uhusiano wao uutafute mwenyewe. Obstgarten ni bustani ambamo miti huzaa matunda. Biergarten ni bustani ya kunywea bia, na bia haioti humo. Je, Kindergarten iko upande gani? Hata "ya" yetu ina fumbo hilohilo: bustani ya mchicha imepandwa mchicha, bustani ya bibi ni mali ya bibi.

Friedrich Fröbel, mwalimu Mjerumani aliyelibuni neno hili, alizitaka maana zote. Mwaka 1837 alifungua mahali pa kulelea watoto huko Blankenburg, katika eneo la Thuringia, Ujerumani, akapaita kwa jina refu la kuchosha, taasisi ya malezi, michezo na shughuli. Husimuliwa kwamba siku moja, akivuka kilima pamoja na wenzake, alisimama ghafla akapaza sauti kuwa jina amelipata. Mwaka 1840 likatangazwa. Ujanani mtu huyu alijifunza kazi ya misitu. Alijua mche unataka nini. Ndiyo maana mwalimu wa kike aliitwa Kindergärtnerin, mtunza bustani.

Mtaniambia, hiyo ni sitiari tu. Sitiari gani? Fröbel alitaka kila mtoto awe na tuta lake mwenyewe, na matuta ya wote kando yake. Asipomwagilia, mche unanyauka, na anayeuona ni yeye. Leo sisi tunamfungia mtoto wa miaka minne ndani, tunampa penseli na mtihani, halafu nje kwenye kibao tunaandika "kindergarten" kwa rangi nzito. Inaniuma sana.

Nilitaka kueleza jinsi Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ilivyozipiga marufuku kindergarten mwaka 1851, Fröbel akafa mwaka uliofuata kabla hazijaruhusiwa tena, na jinsi Margarethe Schurz, Mjerumani aliyehamia Marekani, alivyolivusha neno hadi Watertown, jimbo la Wisconsin, mwaka 1856. Naonyeshwa saa. Basi, wenye hata hatua tano za ardhi nyuma ya darasa la chekechea, msiondoke baada ya chai. Nimekuja na mbegu za mchicha.