Pilipili Isipasuke: Maji ya Kijani ya Ziwa na Sumu Isiyojali Moto

JUMA: Tuko hewani. Ila Neema, kabla sijamkaribisha mtu, niambie hii chupa uliyoiweka katikati yetu ni ya nini, maana inanitazama vibaya.

NEEMA: Wewe usiitikise tu. Mengine yatafuata.

JUMA: Wasikilizaji, ni chupa ya soda ya lita moja, imebanduliwa lebo. Chini maji meupe, unaona mpaka upande wa pili. Huku juu shingoni kuna kitu cha kijani, kizito, unene wa vidole viwili, kama kisamvu kilichotwangwa kikasahaulika kinuni.

NEEMA: Nimeyachota jana jioni Ziwa Victoria, hapahapa Mwanza, pembeni ya mwalo mmoja wa wavuvi. Wakati nachota, chupa nzima ilikuwa kijani. Nikaiweka kwenye friji, sikuigusa usiku kucha, asubuhi nakuta kijani chote kimepanda juu. Hicho ni kipimo kisicho na gharama. Kijani kikizama, mara nyingi ni mwani wa kawaida. Kikielea hivi, una wageni wengine. Wana vifuko vya hewa mwilini, wanapanda na kushuka majini kama wana boya.

JUMA: Na hao wageni ndio sianobakteria.

NEEMA: Ndio hao. Watu tunawaita mwani, lakini ni bakteria, ila wanajipikia chakula kwa jua kama jani la muhogo. Ni wa kale mno. Hii oksijeni unayovuta sasa hivi, wao ndio walioanza kuijaza hewani mabilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo nawasema, lakini kwa adabu.

JUMA: Mimi nimekulia kisiwani Ukerewe, hawa ni majirani. Ukitumwa maji asubuhi unakuta ufuko kama umepakwa rangi ya mlango. Tulikuwa tunapiga uso wa maji kwa kitako cha ndoo, pa, pa, pa, utando unasogea, unachota haraka kabla haujarudi. Nyumbani mama anachuja kwa kipande cha kanga, kisha anachemsha mpaka kifuniko kinacheza. Na kipindupindu hakikuwahi kuingia kwetu.

NEEMA: Na mama alikuwa sahihi. Nataka hilo lisemwe mapema, asije mtu akazima kipindi akasema Neema kakataza kuchemsha maji. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, vimelea vyake ukivichemsha vimekufa. Sumu ya kipindupindu inatengenezwa tumboni mwako, bakteria akishaingia akiwa hai. Ukimuulia sufuriani, hakuna wa kuitengeneza.

JUMA: Lakini?

NEEMA: Lakini hawa wa kwenye chupa wanakuja na sumu ikiwa imeshatengenezwa, wameibeba ndani. Inayojulikana zaidi inaitwa mikrosistini, na inalenga ini. Umbo lake ni mnyororo mdogo uliofungwa duara, mgumu kweli, maji yanayotokota hayaukati.

JUMA: Kama wali kiporo uliochacha. Unapasha mpaka unashika ukoko na bado unatapika.

NEEMA: Ndiyo, kuna bakteria wa kwenye wali anaacha sumu ya namna hiyo. Ila mimi nina mfano ninaoupenda zaidi. Mama akipika mchuzi, anaweka pilipili mbuzi nzima juu. Anasemaje?

JUMA: "Angalia isipasuke!" Ikipasuka watoto hawali siku hiyo.

NEEMA: Basi hapo umemaliza somo. Pilipili ikiwa nzima inatoa harufu tu, unaiopoa na kijiko. Ikipasuka, mchuzi wote umekwisha. Huyu bakteria akiwa mzima, sehemu kubwa ya sumu iko ndani yake. Ukimchemsha unampasua. Sumu inamwagika majini, mvuke unaondoka na maji, sumu inabaki sufuriani.

JUMA: Subiri kwanza. Yaani mama alikuwa anatupasulia pilipili?

NEEMA: Siku za utando, inawezekana. Si kila utando una sumu. Kuna jamii zenye sumu na zisizo nayo, zinafanana, na hata darubini haizitofautishi mpaka upime maabara. Na ile kanga ilikuwa inasaidia kuliko unavyodhani, maana hawa hukaa kwa mabonge, na bonge unaweza kulinasa kwa kitambaa. Inapunguza, haimalizi.

JUMA: Ngoja nimtumie mama ujumbe wa sauti. Endelea, nasikia.

NEEMA: Mtumie. Mimi niwapeleke Marekani kidogo, mji wa Toledo, jimbo la Ohio. Wanakunywa maji ya Ziwa Erie. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2014, watu karibu nusu milioni wanatangaziwa wasinywe maji ya bomba. Na tangazo linasisitiza jambo ambalo kwetu lingeonekana la kichaa. Linasema msiyachemshe.

JUMA: Hapa tungesema aliyeandika amelewa.

NEEMA: Maji ya dukani yakaisha kila mahali, watu wakaendesha magari hadi miji ya mbali kutafuta chupa. Wakaruhusiwa Jumatatu. Kilichotokea ni kwamba upepo ulisogeza utando mpaka jirani na mdomo wa bomba la kuvutia maji, na sumu ikaonekana kwenye maji ambayo tayari yameshatibiwa. Huo ni mji wenye mitambo, wenye maabara, wenye wataalamu wa zamu.

JUMA: Kipimo kinachokubalika ni kipi?

NEEMA: Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote, mikrosistini isizidi mikrogramu 1 kwa lita. Nikufanyie hesabu. Boza la lita 10,000, panga maboza 100. Kwenye hayo yote, gramu 1 tu ya sumu, chumvi ya kushika kwa ncha za vidole, inatosha kukufikisha kwenye kikomo.

JUMA: Aisee.

NEEMA: Na kuna kisa kinanisumbua kuliko cha Toledo, maana waliokifanya walikuwa na nia njema. Palm Island, Australia, mwaka 1979. Wakazi wanalalamika maji ya bwawa yana ladha mbaya na yamebadilika rangi. Wahusika wakafanya kilichokuwa kawaida enzi hizo, wakamwaga mrututu bwawani.

JUMA: Mrututu huuhuu wa kupulizia kahawa?

NEEMA: Huohuo wa bluu. Unaua mwani, unaua na hawa. Siku chache baadaye watoto wakaanza kutapika, ini limevimba, wengine wanahara damu. Watu 148, karibu wote watoto. Ile ilikuwa sumu nyingine, si mikrosistini, lakini mkasa ni uleule. Waliua bakteria wote kwa mkupuo, na wote wakapasukia majini.

JUMA: Pilipili za bwawa zima.

NEEMA: Kwa hiyo unaelewa kwa nini mtambo mzuri wa maji unafuata mpangilio. Kwanza shabu, ili bakteria washikane na kuzama wakiwa wazima. Halafu chujio la mchanga. Klorini inakuja mwishoni, wameshatolewa, na hapo inasaidia hata kuivunja sumu iliyobaki, ikipewa muda na maji yasipokuwa na ukali wa magadi. Sumu ikizidi, wanatumia kaboni amilifu, ni mkaa ulioandaliwa mahsusi wenye vitundu vingi mno, unainyonya. Ukianza na klorini nyingi mwanzoni unarudi kulekule Palm Island.

JUMA: Na huu mkaa wa jikoni? Maana najua kuna msikilizaji keshaelekea kwenye gunia.

NEEMA: Arudi. Wa jikoni haujaandaliwa kwa kazi hiyo, mtu asiutegemeze roho yake.

JUMA: Kuna waliokufa kabisa?

NEEMA: Caruaru, Brazili, 1996. Kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Maji yaliletwa kwa boza kutoka bwawa lililokuwa na hawa, hayakutibiwa ipasavyo. Mgonjwa wa figo hanywi hayo maji, anapitishiwa pembeni mwa damu, lita kama 120 kila anapokaa kitandani. Walikufa zaidi ya 50 kwa ini kushindwa. Sitaki kukaa sana hapo.

JUMA: Turudi nyumbani basi. Kwa nini ziwa letu? Wazee Ukerewe wanasema zamani unaona mawe chini.

NEEMA: Wazee wako hawajakosea. Ziwa Victoria ni kubwa kwa eneo, kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini si refu kwenda chini. Penye kina zaidi ni mita 80 na kitu. Tanganyika inapita mita 1,400. Yaani hili letu ni sinia, lile ni mtungi. Sinia linapata moto haraka, na chochote unachomwagia kinaonekana.

JUMA: Na tunamwagia.

NEEMA: Fosforasi na naitrojeni, mbolea inayowanenepesha hawa wageni. Mbolea za chumvichumvi na udongo vinasombwa na mvua kutoka mashambani, maji taka yanatoka mijini. Angalia Mto Mirongo unavyokatisha katikati ya mji wetu huu, ingia ndani yake na macho yako tu, usiingie na miguu. Upande wa Kenya, Kisumu iko ndani ya Ghuba ya Winam, kina kifupi, imefungwafungwa, maji yake hayabadilishwi haraka na ya ziwa kubwa. Kule kijani kinakaa miezi. Halafu zile kingo za mafunjo na matete zilizokuwa zinachuja kabla maji hayajaingia ziwani, tumezilima mchicha na mpunga.

JUMA: Hapo umenigusa, mjomba wangu ana bustani hapohapo.

NEEMA: Msalimie. Simlaumu, ana watoto wa kulisha. Ila ndiyo hivyo.

JUMA: Na wanyama? Maana mbuzi hachuji kwa kanga.

NEEMA: Mnyama ndiye wa kwanza kulipa. Mwaka 1878 mtu mmoja, George Francis, aliandika kutoka Australia juu ya kondoo na ng'ombe wanaokufa baada ya kunywa utando wa ziwa. Na mwaka 2020, Botswana walikufa tembo zaidi ya 300, na serikali yao ikasema ni sumu ya hawahawa kwenye mabwawa ya kunywea. Upepo unasukuma utando ufukweni, na ufukweni ndipo ng'ombe anapoinamia. Na ndipo mtoto anapochotea.

JUMA: Sasa mtu yuko kisiwani, hana bomba. Afanye nini?

NEEMA: Jambo la kwanza analofanya ni kuchagua maji, moto baadaye. Kama kuna kisima au maji ya mvua, siku za kijani ndiyo ya kunywa na kupikia, ya ziwa yabaki ya kazi nyingine. Hakuna kisima? Wachimbe shimo ufukoni, hatua kadhaa kutoka ukingoni, maji yapite kwenye mchanga yenyewe. Mchanga unazuia wengi wakiwa wazima. Kama ni lazima uchote ziwani, mwenye mtumbwi aende mbele penye maji angavu, azamishe dumu likiwa limezibwa, alizibue chini, asikombe juu. Na lile la kupiga maji kwa kitako cha ndoo, Juma...

JUMA: Tulikuwa tunawakoroga.

NEEMA: Mlikuwa mnawakoroga. Na baada ya yote hayo, ndipo unachemsha, kwa ajili ya kipindupindu na wenzake.

JUMA: Samaki?

NEEMA: Sumu inakaa zaidi kwenye ini na matumbo kuliko kwenye mnofu. Sato unamtumbua, unatupa vya ndani, nafuu. Dagaa je? Unamla mzima na tumbo lake. Watafiti upande wa Winam wamelitazama hilo, samaki wadogo wanaoliwa wazima ndio wenye kuangaliwa. Mimi dagaa nakula, nisikudanganye. Ila wale waliovuliwa katikati ya utando, nikijua, siwanunui.

JUMA: Mama amejibu. Niweke kipaza sauti?

NEEMA: Weka. Shikamoo mama, kama unatusikia.

JUMA: Ni wa kurekodiwa huu. Haya... ameanza na salamu za mbuzi, ngoja niruke... Anasema: "Huyo binti mwambie nimemuelewa, ya kijani sichoti. Kisima kiko kule shuleni, mlima wote ule. Mwambie wewe ndiye utakayekuja kunichotea."

NEEMA: Boti ya kwenda Nansio, huko Ukerewe, inaondoka saa ngapi?

JUMA: Neema, zima hiyo mashine.