Gonga Kihenge: Maneno Kabla ya Safari ya Kijiji cha Makumbusho

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kilimo, Dar es Salaam)

Walimu wenzangu, nanyi wanangu wa mwaka wa pili, habari za mchana. Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa niseme nanyi kidogo kabla ya kesho, kwa sababu nimeona vikundi vingi vikienda pale Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, vinapita nyumba kwa nyumba, vinapiga picha, saa moja baadaye viko getini vinakunywa soda. Mtu ukimuuliza ameona nini, anasema, "Nyumba za kienyeji." Nyumba hizo zina mengi ya kumwambia mtu anayesomea kilimo. Ila lazima ajue pa kuuliza.

Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa mwaka 1967. Ni mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Wazo la makumbusho ya nyumba za wakulima nje, chini ya jua, lilikuwa la zamani kidogo: kule Stockholm, Artur Hazelius alifungua Skansen mwaka 1891, akihamisha nyumba za vijijini Sweden kabla hazijapotea. Kwetu haraka ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani waanzilishi. Haikupita miaka kumi, mamilioni ya watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, kandokando ya barabara, na nyumba nyingi za aina hiyo zikaachwa zikaanguka zenyewe.

Sasa tuingie kwenye tembe la Kigogo, nyumba ya Wagogo wa Dodoma, maana hapo ndipo nataka mkae muda mrefu.

Mtaona paa bapa. Nguzo ngumu, juu yake magogo, juu ya magogo fito na nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Mlango ni mfupi, lazima uiname. Mtu wa mjini anasema, hawa hawakujua kuezeka. Jamani, Dodoma inapata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua na upepo. Nyasi ndefu za kuezekea paa la msonge utazitoa wapi? Udongo upo. Udongo huo mchana unazuia joto, usiku unazuia baridi ya uwanda wa juu, na baada ya mavuno paa linakuwa uwanja wa kuanikia mtama. Nyumba zinajengwa kuzunguka ua, ng'ombe wanalala katikati. Ni ghala, zizi na makazi kwa pamoja.

Halafu tembe hilo hilo umelileta Dar es Salaam, ambako mvua zinapita milimita elfu moja, masika na vuli. Udongo unalowa, unakuwa mzito, fito zinaoza, mchwa wanapanda. Mkiona sehemu imebomoka kesho, msikimbilie kulaumu wahifadhi. Tazameni vizuri, maana hapo ndipo somo lilipo: nyumba ile ilikadiriwa kwa mvua ya kwao. Ukiihamisha bila mvua yake, inaugua. Na mbegu ni vivyo hivyo, na ushauri wa kitaalamu ni vivyo hivyo. Nitarudi hapo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka mama mkwe wangu. Ni mtu wa Dodoma, amelima uwele na mtama maisha yake yote. Kwenye nyumba nyingine alipita kama mgeni, kwa adabu, akisema, "Haya, vizuri." Tulipofika penye kihenge, kile chombo kikubwa cha fito zilizosukwa na kukandikwa, alichuchumaa. Akamwomba kijana anayetuongoza ruhusa ya kugusa. Akaingiza mkono mpaka begani, akautoa, akaunusa.

"Hiki hakijawahi kulala mtama," akasema. "Hakina harufu ya majivu."

Kisha akakunja kidole akaanza kugonga ubavuni, kutoka juu kushuka chini. Tok, tok, tok. Akanieleza: penye nafaka sauti ni nzito, penye uwazi ni nyepesi. Unagonga mpaka sauti inapobadilika, unaweka alama kwa mkaa. Mwezi wa pili, mavuno bado yako mbali, mama wa nyumba alikuwa anagonga usiku, watoto wakishalala, asije mtoto akasikia jinsi sauti nyepesi ilivyoshuka chini. Asubuhi anapima cha kusonga ugali kulingana na alichosikia.

Nimesoma uhifadhi wa mazao darasani, nimefundisha wakulima miaka mingi. Hilo sikufundishwa na mtu yeyote. Na bango la maelezo lilisema tu kwamba chombo hiki ni cha kuhifadhia nafaka.

Nilianza kazi ya ugani, yaani kuwashauri wakulima, Tabora mwaka 1984. Wakati ule dumuzi alikuwa ameshaingia. Huyu ni mdudu wa asili ya Amerika ya Kati, alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la lori kubwa: Scania. Anatoboa hindi likiwa bado kwenye gunzi, anatoboa muhogo mkavu, anatoboa hata mti wa ghala lenyewe. Ndani ya miezi michache hata theluthi ya uzito wa mahindi imekuwa unga. Ukitikisa gunzi, vumbi linamwagika mkononi kama pumba.

Tukawaambia wakulima: acheni vihenge, acheni magunzi, pukuchueni, changanyeni na dawa ya unga, wekeni kwenye magunia. Kwa mahindi tulikuwa sahihi, na ushauri ule uliokoa chakula cha watu wengi. Kosa letu ni kwamba tulisema maneno yale yale kila mahali. Tuliyasema hata kwa wazee wenye mtama na uwele, ambao dumuzi hawasumbui hivyo, na ambao walikuwa na majivu yao ya kuzuia wadudu, moshi wao na vifuniko vyao vya udongo na samadi visivyopitisha hewa. Tulileta paa la Dodoma kwenye mvua ya Pwani. Vihenge vikachomwa kuni. Mimi mwenyewe nilisimama nikaangalia, nikaandika kwenye ripoti kuwa kaya kadhaa zimeitikia.

Leo tunauziwa mifuko isiyopitisha hewa, na ni mizuri, tumieni. Wadudu wanakosa pumzi, wanakufa bila dawa. Na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umejenga minara ya chuma ya kuhifadhia nafaka. Inaitwaje? Vihenge vya kisasa. Jina limerudi lenyewe.

Nyumba ya Wachagga nitaipitia kwa haraka. Ng'ombe analala ndani, analetewa majani, samadi inarudi kwenye migomba. Lakini kihamba chenyewe, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, hamtakiona, wala mifongo, ile mifereji ya maji ya kumwagilia. Hivyo havisafirishwi. Siku mkipata nauli nendeni Shimbwe Juu, Moshi, mahali ambapo FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ililitambua shamba la kihamba kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011.

Kesho basi, kila mmoja achague chombo kimoja tu. Akichore. Aandike kilitengenezwa kwa mti gani, mdudu gani alikuwa adui yake, na mkono wa nani ulikuwa unakifungua. Asiyejua amuulize mwongozaji, naye asipojua, apige simu nyumbani kijijini palepale.

Basi linaondoka saa moja na nusu asubuhi. Viti vinne vya mbele nimeomba viachwe wazi. Mwenye bibi au babu aliyewahi kulima, anayeishi hapa mjini na anayeweza kutembea, aje naye.